Shata ikikwama usiipulizie mafuta: jibu kwa binti aliyerithi kamera mbili za babu

Kuna binti kaniandikia toka Magomeni, nafupisha swali lake. Babu yake alikuwa na studio ndogo ya picha, katangulia mbele ya haki, kaacha kamera mbili, Pentax K1000 na Yashica Mat-124G. K1000 inalia vizuri tu, ila mkanda wa kwanza aliopiga, picha za spidi 1/1000 (shata inafunguka sehemu moja ya elfu ya sekunde) zimetoka upande mmoja giza kabisa, za 1/500 zina kivuli upande huohuo, kuanzia 1/125 kushuka chini ziko safi. Yashica yenyewe ukiweka sekunde moja inafunguka afu inabaki wazi mpaka uitikise, na 1/30 kwa sikio lake inasikika kama 1/8. Jirani yake fundi pikipiki kamwambia apulizie WD-40 itaachia. Afu ndani ya kifuko cha Yashica kakuta kikaratasi, babu kaandika kwa bik "500 – funga nusu". Anauliza maana yake nini, na je hizi kamera zinapona au ndo zikae kabatini kama pambo.

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Kamera zinapona zote mbili, kwa maelezo yako sioni kitu kilichovunjika humo ndani. Ila hiyo WD-40 mrudishie jirani yako leo, mwambie asante, ibaki kwenye pikipiki.

Nianze na hapo kwasababu ndo kamera nyingi zinapofia. Watu wanafikiri shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, ni kama bawaba ya mlango, ikikwama imekosa mafuta, ongeza mafuta. Sio hivyo. Shata ya Yashica yako ni vijani vyembamba vya chuma vinavyopishana kimoja juu ya kingine, vyepesi sana, na kiwandani viliwekwa vikavu kabisa, hata tone la mafuta hakuna. Chukua vioo viwili vidogo, tia tone la mafuta ya kupikia katikati, vibananishe, afu jaribu kuvivuta vitengane, utaona vinavyong'ang'aniana. Ndo hicho kinachotokea kwenye vijani vikipata mafuta, na springi inayovisukuma ni nyembamba kama unywele haina nguvu ya kushindana na huo mshiko. WD-40 ilitengenezwa Marekani miaka ya 1950 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, ina mafuta mepesi ndani yake, kile kinachofanya kazi ya kutembea kinakauka na mafuta yanabaki, yanatambaa mpaka kwenye vijani, mpaka kwenye lenzi. Itaachia kweli, siku hiyohiyo utafurahi, wiki mbili mbele imeganda kuliko mwanzo na sasa uchafu umesambaa kila kona.

Nalijua hili kwasababu nililifanya mwenyewe nikiwa kijana, sio kwa WD ila kwa mafuta ya cherehani. Mteja kaniletea Yashica kama hiyohiyo yako, spidi za taratibu zinasinzia, nikachovya sindano kwenye kichupa cha fundi cherehani jirani, nikaweka tone kwenye gia, tone pembeni ya vijani, ikawa inapiga kama mpya, nikachukua hela yangu. Akaenda nayo kupiga picha za send-off. Vijani vilianza kuvuta katikati ya shughuli, yeye hajui, mkanda ulivyosafishwa negativu zote nyeusi tii, mwanga umeingia mara nne mara nane ya unaotakiwa. Hela nilimrudishia lakini send-off hairudiwi, na yule binti aliyekuwa anaagwa hana picha mpaka leo. Toka siku hiyo mafuta kwenye kamera naweka ya saa tu, kwa ncha ya sindano, na kamera nyingine namaliza bila kuweka kabisa.

Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi elewa kwanini zimechoka. K1000 ilianza kutengenezwa 1976 ikaendelea mpaka 1997, Yashica Mat-124G ilianza 1970. Grisi na mafuta yaliyotiwa humo yana miaka mingi sana, na joto la Dar halijayasaidia, sehemu nyepesi imeruka hewani au imetambaa kwenda isikotakiwa, iliyobaki ni utomvu. Ushawahi kuona mafuta yaliyosahaulika kwenye kikaango yakawa yananata kama gundi? Hiyohiyo. Gia hazijaisha, springi hazijalegea kivile, ni uchafu tu umekaa kwenye mihimili ya kuzungukia. Hapo ndo nataka unielewe vizuri maana hata mafundi wanakosea hapa: springi ikishindwa kusukuma uchafu, kuna fundi anakaza springi, na kuna fundi anaondoa uchafu.

Tuje kwenye K1000. Hii haina vijani, ina mapazia mawili ya kitambaa cha hariri kilichopakwa mpira mweusi, yanatembea kwa ubavu mbele ya mkanda. La kwanza linafungua, la pili linafuata kufunga. Mpaka 1/60 la kwanza linafika mwisho kabisa kabla la pili halijaondoka, ndo maana flashi inatumika hapo kushuka. Ukipanda juu ya hapo, la pili linaondoka la kwanza likiwa bado safarini, kinachopita mbele ya mkanda ni mwanya, na kwenye 1/1000 huo mwanya ni milimita kama 2 au 3 tu. Sasa piga picha watu wawili wanakimbizana wameachana hatua moja, wa mbele akichoka kidogo tu wa nyuma anamfikia. Pazia la kwanza mihimili yake ikiwa na utomvu linapungua mwendo njiani, la pili linalikamata, mwanya unajifunga kabla safari haijaisha, upande wa mwisho wa picha haupati mwanga. Ndo giza lako hilo. Kwenye 1/500 mwanya ni mpana kidogo kwa hiyo unapungua tu hauzibi, unaona kivuli. Kwenye 1/125 ni mpana kiasi kwamba huo upungufu hauonekani.

Na hii ina maana leo hii kabla hujafungua chochote K1000 yako inapiga. Weka mkanda wa ISO 100, jua la saa sita la Dar, spidi 1/125 na tundu la lenzi (apecha) f/16, picha inatoka safi. Huna haja ya 1/1000 kujifunzia.

Kuipima huhitaji mashine ya hela nyingi, tafuta TV ya chogo. Najua wengi wamezitupa au zimewekwa stoo, lakini uliza uliza mtaani utaipata, uiunge na king'amuzi kwa zile waya za njano nyekundu na nyeupe, bora iwake tu na ioneshe kitu cheupe cheupe. TV flati haifai kabisa kwa kazi hii. TV ya chogo inachora picha kwa mstari mmoja mmoja toka juu kwenda chini, mfumo wetu wa PAL ni mistari 625 kwa picha nzima mara 25 kwa sekunde, jumla mistari 15,625 kila sekunde. Kwa hiyo hiyo TV ni saa tayari, ndani ya 1/1000 ya sekunde inachora mistari kama 16, ndani ya 1/500 mistari kama 31, 1/250 kama 62.

Toa lenzi, fungua mgongo wa kamera, hakuna mkanda ndani. Zima taa ya chumba, sogeza kamera karibu na kioo cha TV kama shubiri moja hivi, upande wa lenzi uangalie TV, wewe jicho lako liko nyuma pale mkanda unapokaa. Koki, yaani vuta ule mkono wa kusogeza mkanda ili springi zijikaze, afu bonyeza kwa 1/1000. Utaona utepe wa mwanga umelala kimshazari, kwasababu mwanya unakwenda kwa ubavu huku TV inachora kwenda chini. Usikate tamaa mara ya kwanza, ni kitu cha kufumba na kufumbua, rudia mara kumi jicho litazoea. Ukitaka ushahidi weka simu nyuma ya kamera kwenye mode ya pro, shata ya simu sekunde moja, ibonyeze afu ndani ya hiyo sekunde bonyeza kamera, utepe utabaki kwenye picha na mistari unaihesabu kwa kukuza. Shata nzima utepe wake una unene sawa mwanzo mpaka mwisho. Yako nina uhakika utaona unaanza mnene unaishia mwembamba kama mkia wa panya afu unapotea. Piga picha huo mkia uuhifadhi, ndo utaulinganisha baadae.

Sasa kusafisha. Kamera igeuze, kibati cha chini kinashikwa na viskrubu vichache, vitoe. Hapa nisimame kidogo kwenye bisibisi. Skrubu za kamera za Kijapani zina msalaba wa kipimo cha Japani, JIS, sio ule wa kawaida, bisibisi ya kawaida inakaa juu juu inateleza inakula kichwa, na skrubu iliyoliwa kichwa itakupotezea siku nzima. Pita Kariakoo pale Aggrey kwa wauza vifaa vya mafundi simu, ulizia JIS, zikikosekana chagua ncha inayojaza msalaba mpaka chini bila kucheza, kandamiza kwanza ndo uzungushe. Tandika shuka jeupe mezani skrubu ikianguka uione. Chukua trei ya mayai, kila hatua skrubu zake kwenye tundu lake, na kila kabla ya kutoa kitu piga picha na simu. Unaona kama utoto lakini nimepokea kamera nyingi zikiwa kwenye mfuko wa rambo kwasababu mtu aliamini atakumbuka.

Ukishatoa kibati utaona ncha za chini za mihimili ya mapazia na gia kadhaa. Unachohitaji ni mafuta ya kiberiti cha chuma, yale ya kulowesha utambi, sio gesi. Hiyo ni naftha, inayeyusha grisi ya zamani na inakauka bila kuacha kitu. Petroli ya sheli hapana, ina madawa yanayobaki. Mafuta ya taa hapana, yanaacha unyevu wa mafuta. Na tafadhali, naftha inashika moto kwa kasi, fungua dirisha, usifanye umeme umekatika umewasha mshumaa, na ile dawa ya mbu ya kuchoma izime kabisa.

Nunua bomba la sindano duka la dawa, lile dogo la insulini, weka tone moja dogo kwenye kila mhimili, dogo kama kichwa cha kiberiti au pungufu. Usimwage. Ikitiririka ikafika kwenye pazia inaweza kudhuru mpira wake na gundi inayoshikilia kitambaa, na kubadilisha pazia ni kazi nyingine kubwa. Koki na piga mara hamsini, acha ikauke, tone jingine, hamsini tena. Siku ya kwanza pengine hutaona tofauti. Fanya hivyo jioni tatu nne mfululizo, utomvu haulainiki kwa siku moja. Afu rudi kwenye TV. Kamera nyingi za namna yako mkia wa panya unanenepa wenyewe hapo bila kugusa springi hata moja.

Utaona pale chini kuna virekebishi viwili vya kukazia springi, kimoja cha kila pazia. Usiviguse sasa hivi, naomba sana. Kuna kamera nililetewa, ilipitia kwa fundi mmoja kabla yangu, mwenyewe anasema ilipona ndani ya dakika kumi. Kweli 1/1000 haikuwa na giza tena, ila fundi alikuwa kakaza springi zote mbili mpaka mwisho ili zishinde uchafu. Spidi zote zikawa zinakimbia, mapazia yakifika mwisho yanagonga na kurudi nyuma kidogo, picha zina mstari mweupe pembeni, na pazia la kwanza lilikuwa limeanza kuchomoka kwenye utepe wake kwa kupigwa vile. Niliirudisha ilipokuwa, nikasafisha, ikakaa sawa kwa springi zilezile. Ukisafisha wiki nzima na mkia bado upo, hapo ndo unakaza la kwanza kidogo, kidogo sana, unaweka alama ya kalamu pale lilipokuwa, unapima TV, unakaza tena. Na ujue kwenye kamera nyingi kile kikufuli cha kirekebishi ukikiachia bila kushikilia springi yote inajikunjua kwa mkupuo mmoja. Kama mkono haujatulia mpe mtu.

Kingine kwenye K1000, pazia usiliguse kwa kidole hata siku moja, jasho la mkono linakula mpira. Vumbi toa kwa kile kimpira cha kufyonzea makamasi ya mtoto mchanga, usitumie pampu ya upepo ya gereji. Afu chumba kikiwa giza mulika tochi ya simu upande wa lenzi uangalie nyuma kama kuna vitundu vinavyopenyeza mwanga. K1000 ina kioo mbele ya pazia kinalilinda kiasi, wenye kamera zisizo na hicho kioo kama FED, Zorki na Leica za zamani ndo wajihadhari zaidi, kwenye hizo lenzi inatupa jua moja kwa moja kwenye kitambaa, ukiiacha mezani inaangalia dirisha la mchana bila kifuniko unatoboa pazia kama unavyochoma karatasi na kioo cha kukuzia.

Angalia pia sponji nyeusi, kwenye mifereji ya mlango wa nyuma na ile inayogongwa na kioo kwa juu. Ikishika kidole ikanata kama lami, imeoza, na hilo sio suala la mwanga kupenya tu, vipande vyake vinaanguka ndani vinashika mapazia. Ikwangue kwa kijiti cha meno na spiriti kidogo kwenye pamba, kamera imeangalia chini ili uchafu udondokee nje. Kwenye mifereji ya mlango laza uzi wa sufi mweusi wa kufumia, kwa gundi kidogo sana. Nimefanya hivyo kwenye kamera nyingi, unadumu kuliko sponji.

Yashica sasa, na hii ndo naipenda zaidi. Shata yake ni Copal-SV, sekunde 1 mpaka 1/500, iko katikati ya lenzi ya chini. Ukisema inabaki wazi mpaka uitikise, hayo ni mambo mawili. Vijani vina mafuta, na gia za kuchelewesha zina utomvu. Spidi za haraka hazizihitaji sana gia za kuchelewesha. Za taratibu ndo zinaning'inia kwenye kijisanduku cha gia chenye kijiti kinachocheza huku na huku kwenye meno, kama ndani ya saa ya ukutani. Weka sekunde moja, iweke sikioni. Shata nzima inasema zzzzzz kwa sauti moja iliyonyooka afu tak. Yako nadhani inasema zzz-zz... z... kimya. Inakohoa. Huko kukohoa ndo uchafu wenyewe unausikia.

Usisogeze ule mkono wa kujipiga mwenyewe, wa taimer. Kwenye shata za zamani gia za taimer ndo zinakuwa chafu kuliko zote maana hazitumiki, ikikwama katikati inakufungia shata nzima, na kuitoa pale ni mpaka ufungue. Sahau kama upo.

Kundi la lenzi la mbele linafunguka kwa kuzungushwa, tafuta kizibo cha mpira kipana kinacholingana na ukingo wake, kandamiza usukume kinyume cha saa. Kikishatoka vijani viko mbele yako. Weka B, ile spidi inayokaa wazi muda wote umeshikilia, koki, bonyeza na ushikilie, angalia ukingo wa vijani: ukiona rangi rangi kama petroli juu ya dimbwi la mvua, hayo ni mafuta. Achia. Chovya pamba ya masikio kwenye naftha, ikamue iwe na unyevu tu, futa vijani taratibu vikiwa vimefunga, piga mara kumi, futa tena. Kila ukipiga, mafuta yaliyojificha pembeni yanarudi katikati, ndo maana ukifuta mara moja ukadhani umemaliza kesho yako inanata. Mi huwa nafuta mpaka pamba mbili mfululizo zitoke nyeupe, mara nyingine ni jioni nzima. Kuna watu wanajaza naftha humo kama wanaosha kikombe, sipendi hiyo, uchafu hauondoki unaogelea tu unahamia sehemu nyingine, na ukiingia katikati ya vioo vya lenzi unaacha ukungu.

Gia za kuchelewesha kuzifikia vizuri inabidi uso wa shata utoke, kama ni mara yako ya kwanza ishia kwenye vijani kwanza, afu pima. Mara nyingi nusu ya ugonjwa inaondoka. Ukiamua kuendelea, tone la naftha kwenye mihimili ya gia na kwenye kile kijiti, sekunde moja mara thelathini, tone, thelathini. Sauti ikinyooka, hapo ndo mafuta ya saa yanaruhusiwa, kwenye mihimili tu, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya sindano ya kushonea, meno ya gia yanabaki makavu. Ukiwa na fundi saa unayemwamini pale mjini muombe akuoneshe anavyoweka, dakika tano za kumuangalia zitakufaa kuliko maneno yangu yote haya.

Kupima Yashica tumia simu. Simu yenye slo mosheni ya fremu 240 kwa sekunde, mgongo wa kamera wazi, tochi upande wa pili, rekodi, afu sogeza fremu moja moja uhesabu ngapi zina mwanga. Sekunde moja ni 240, nusu sekunde 120, 1/30 ni 8, 1/60 ni 4. Juu ya hapo fremu zinakuwa chache mno hesabu haiaminiki. Hiyo 1/30 yako kama sikio lako lina kweli utahesabu kama 30. Na usitafute ukamilifu, shata ya springi hata ikiwa mpya ina kupungua na kuzidi kwake, spidi ya juu ya 1/500 kutoa 1/400 sio ugonjwa, negativu inavumilia. Spidi moja kubadilika kila ukipiga, leo hivi kesho vile, hiyo ndo inaniogopesha, maana huwezi kuizoea.

Zikishapona zitunze kwa hali ya hewa yetu. Masika yote Machi mpaka Mei chumba kinakuwa na unyevu wa kuotesha uyoga, na kama uko karibu na bahari kuna chumvi juu yake. Kifuko cha ngozi cha babu kitoe, kiweke kumbukumbu mbali na kamera, ngozi inanyonya maji na kufuga ukungu ule wa lenzi. Nunua kontena la plastiki la mfuniko wa kubana, weka silika jeli, zile za kubadilika rangi ili ujue zimeshiba, zikishiba zikaushe kwa moto mdogo urudishe. Kipimo kidogo cha unyevu ndani, kikae 40 mpaka 50. Mchele usiweke, una vumbi la unga litaingia humohumo tunamotoka kusafisha. Ukitoka chumba cha AC kwenda nje mchana, kamera iwe ndani ya mfuko wa plastiki umefungwa mpaka ipate joto, lasivyo umande unashika ndani yake huuoni.

Na zifanyishe kazi. Kila wiki mbili tatu koki na piga spidi zote bila mkanda, za taratibu zaidi, ukiwa unaangalia tamthilia yako. Ukimaliza ziache hazijakokiwa springi zipumzike. K1000 weka kifuniko cha lenzi, haina swichi ya kuzima mita ya kupimia mwanga, bila kifuniko inakunywa betri usiku kucha.

Nimekiacha kikaratasi mwisho kwasababu sasa utakielewa. Babu yako alijua 1/500 ya Yashica yake ni mvivu, ukiweka 500 inatoa kitu kama 1/350, mwanga unazidi kwa nusu stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili). Hakuipeleka kwa mtu akaze springi, alipiga akaangalia negativu, akapiga tena akaangalia, mpaka akajua inachelewa kiasi gani, akaandika: ukitumia 500, funga apecha nusu. Ukishasafisha vijani pima 500 upya, simu haitaifikia kwa hiyo tumia TV, na kwa kuwa vijani vinafunguka toka katikati utaona bendi ya mistari iliyolala bila mshazari, hesabu tu mistari. Ikija 31 mpaka 40 hivi, hiyo funga nusu haihitajiki tena. Ikija 45, babu bado yuko sahihi. Vyovyote itakavyokuwa andika karatasi yako na tarehe, uiweke kwenye kontena pamoja na ya kwake, na zile picha za mkia wa panya kabla na baada nitumie nizione.